Sahani ya Mkimbiaji na Mzozo wa Wanga

Katika miji yetu ya Afrika Mashariki, tangu Mombasa hata Kampala na tangu Nairobi hata Dar es Salaam, imeenea siku hizi hofu ya ugali. Vijana wa jimu, mabibi harusi wanaohesabu miezi iliyosalia, watumishi wa ofisini waliokwisha kuonywa na tabibu juu ya sukari au shinikizo la damu, wote husikia nasaha moja: acha wanga. Ugali, wali, chapati, mihogo, viazi na mahamri hutiwa katika kapu moja na kuhukumiwa pamoja, na mahali pake husifiwa nyama, mayai, maparachichi, korosho na mafuta. Nasaha hiyo haikuzuka pasipo sababu, na wako watu wengi ambao imewafaa kwelikweli; lakini imevuka mpaka wake, ikaingia hata katika viwanja vya riadha, na leo si ajabu kumkuta mwanariadha kijana, mwenye kukimbia asubuhi na jioni, akiusukuma kando ugali wa mama yake kwa kudhani kwamba ndio unaomchelewesha.

Jambo hili lastahili kutazamwa kwa insafu, kwa sababu lahusu siha ya wengi na riziki ya baadhi yetu, na kwa sababu nchi hizi zenyewe zina ushahidi mkubwa wa kutoa katika shauri hili. Mwaka 2004 wanazuoni wakiongozwa na Vincent Onywera wa Chuo Kikuu cha Kenyatta walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya chakula cha wakimbiaji kumi wa Kikalenjini, watu wa daraja la juu kabisa katika fani yao, waliokuwa wakikaa pamoja katika kambi ya mazoezi ya nyanda za juu za Bonde la Ufa na kujiandaa kwa mashindano. Kwa muda wa siku saba, chakula chao kilipimwa kwa mizani kabla ya kuliwa. Ilidhihirika kwamba katika nguvu zote walizozipata kutoka katika chakula, asilimia 76 na nusu zilitoka katika wanga, asilimia 13 hivi katika mafuta, na 10 tu katika protini. Kwa uzito, kila mmoja wao alikula wanga wa gramu 600 na ushei kwa siku, yaani gramu 10 na kidogo kwa kila kilo ya mwili wake. Na mwenye kutaka kulielewa vema jambo hilo na ajue kwamba, kama wanga wote huo ungetoka katika unga wa mahindi peke yake, mtu mmoja angehitaji gramu 800 hivi za unga mkavu kila siku iliyompambazukia.

Chakula chenyewe hakikuwa na siri yoyote. Walianza kukimbia alfajiri, kabla hawajatia kitu kinywani, kisha wakarudi kwenye mkate na chai ya maziwa iliyokolea sukari. Mchana wakala wali au viazi vya kuchemsha pamoja na maharagwe na kabichi. Alasiri chai tena. Na usiku, ugali wa moto na mboga. Nyama ya ng'ombe ilipikwa mara nne katika juma, na si kwa wingi. Wala wingi huo wa wanga haukuwanenepesha, maana wastani wa uzito wao haukufika kilo 60, na kwa makisio ya wachunguzi walikuwa wakitumia kalori 3,600 hivi kwa siku ilhali wakila 3,000. Miaka miwili kabla ya hapo, uchunguzi mwingine uliofanywa kwa wavulana wa Kikalenjini wa shule ya bweni, nao wakimbiaji, ulikuta mfano uleule: asilimia 71 ya nguvu zao zilitoka katika wanga, na vyakula vyao vikuu vilikuwa viwili, ugali na maharagwe.

Nisifahamike kwamba nadai ugali ndio unaoshinda mbio. Mamilioni ya watu hula ugali na hawapati kukaribia utepe wa Boston wala wa London, na ushindi wa Wakalenjini una sababu nyingi zilizofungamana: mwinuko wa nchi yao, utoto uliopitishwa kwa miguu, mazoezi makali ya pamoja, na tamaa halali ya kuinua hali za jamaa zao. Hoja yangu ni ndogo kuliko hiyo, lakini ni imara zaidi: watu waliokimbia kuliko binadamu wengine wote walikula wanga mwingi kuliko karibu watu wote, na wanga huo haukuwazuia wala haukuwanenepesha. Ni wajibu wetu kuuliza ulikwenda wapi.

Jibu lilianza kupatikana zamani. Mwaka 1924, katika mbio za marathoni za Boston, tabibu Samuel Levine na wenziwe walisimama mwisho wa njia wakachukua damu ya baadhi ya wakimbiaji mara tu walipofika. Wale waliofika wakiwa hoi, rangi zimewapotea, akili zimewatatanika na miguu haiwabebi, walionekana kuwa na sukari haba mno katika damu. Mwaka uliofuata matabibu walewale waliwashauri wakimbiaji wale wanga kwa wingi kabla ya siku ya mbio, wakawapa na peremende za sukari wazile njiani, na hali ya waliotii ikawa bora dhahiri. Hivyo ilijulikana kwamba anayeanguka karibu na mwisho aghalabu hakukosa moyo, bali kitu fulani kilichomo mwilini mwake kimekwisha.

Kitu hicho kilionekana waziwazi nchini Sweden katika miaka ya 1960, na hapa naomba msomaji anivumilie nikae kidogo, maana katika historia yote ya ilimu hii sijui jaribio lililo zuri kuliko hili. Jonas Bergström alikuwa amerudisha katika matumizi sindano maalumu, nene na yenye uwazi ndani, iliyoweza kuchomwa pajani ikatoka na kipande kidogo cha msuli. Yeye na mwenzake Eric Hultman hawakutafuta watu wengine wa kuwajaribia, walijitoa wenyewe. Waliketi wawili kwenye baiskeli moja ya maabara, huyu upande huu na yule upande ule, kila mmoja akapiga pedali kwa mguu mmoja tu na kuuacha mwingine ukipumzika, wakaendelea hivyo mpaka mguu uliofanya kazi ukagoma. Kisha kwa siku tatu walikula chakula cha wanga mtupu, na kila siku wakajichoma sindano mapaja yote mawili. Mguu uliochoka ulikuwa umeishiwa kabisa na glaikojeni, ile akiba ya wanga ambayo mwili huiweka katika misuli na katika ini. Mguu uliopumzika ulikuwa na akiba yake vilevile. Lakini siku zilipopita, damu ileile iliyobeba chakula kilekile kwa miguu yote miwili iliujaza mguu uliotaabika kwa akiba iliyokaribia mara mbili ya ile ya mguu uliokaa bure.

Mtu akilizingatia jaribio hilo ataona kwamba nusu ya mzozo wetu imekwisha. Mwili haugawi wanga kwa usawa. Huupeleka kwenye kiungo kilichofanya kazi, na kiungo hicho huupokea kwa pupa. Mahali ambapo hakuna kazi, ghala limejaa tangu jana, na wanga unaoingia leo hauna pa kukaa ila ugeuzwe mafuta au uzurure katika damu. Mwaka 1967, Bergström na Hultman pamoja na wenzao walikamilisha ushahidi: wanaume walewale, kwenye baiskeli ileile na kwa mzigo uleule, waliweza kuendelea kwa dakika 57 baada ya siku kadhaa za mafuta na protini, dakika 114 baada ya chakula cha kawaida, na dakika 167 baada ya chakula cha wanga mwingi.

Hesabu yake ni nyepesi. Mwili wa mtu mzima aliyefanya mazoezi huweka glaikojeni ya gramu 500 hivi, nyingi yake katika misuli na sehemu ndogo katika ini, na kila gramu hutoa kalori 4. Jumla yake ni kalori 2,000. Kukimbia hugharimu kalori moja kwa kila kilo ya mwili katika kila kilomita, kwa hiyo mtu wa kilo 60 hutumia kalori 2,500 na zaidi katika kilomita 42 za marathoni. Upungufu umekwisha kuonekana hapo, na ndiyo sababu wengi huzidiwa baada ya kilomita ya 30. Mafuta, kwa upande wake, ni bahari: hata mkimbiaji mwembamba ana kilo kadhaa mwilini, na kila gramu hutoa kalori 9, kiasi cha kumfikisha mbali zaidi ya mbio yoyote. Ila mafuta huwaka kama gogo la mkoko, polepole na kwa muda mrefu, na mwali wake hautoshi pale sufuria inapotakiwa ichemke upesi. Fauka ya hayo, lita moja ya oksijeni ikichoma wanga hutoa kalori 5 na kidogo, na ikichoma mafuta hutoa 4.7 tu. Kwa mtu anayetembea na kuzungumza, tofauti hiyo si kitu. Kwa mtu anayekimbia kilomita moja kwa dakika tatu, ambaye kila pumzi yake ina kazi yake, tofauti hiyo ndiyo inayomtenganisha na aliye mbele.

Sasa tuwasikilize wa upande wa pili, kwa maana wana hoja, na baadhi yao ni mabingwa wa ilimu. Kula bila ya wanga si mtindo wa jana: mwaka 1863 huko London, William Banting, aliyekuwa mtengenezaji wa majeneza, alichapa kijitabu akieleza jinsi alivyopungua unene kwa kuacha mkate, sukari, bia na viazi, na jina lake limebaki likitumika Afrika ya Kusini hata leo kwa kuitia namna hiyo ya kula. Mwaka 1983 tabibu wa Marekani, Stephen Phinney, aliwalisha waendesha baiskeli watano chakula chenye mafuta mengi na karibu kisicho na wanga kwa majuma manne, akaona kwamba kwa mwendo wa wastani waliweza kuendelea kwa muda uleule wa awali, dakika 150 hivi, miili yao ikiwa imejifunza kuchoma mafuta mahali pa sukari. Mwaka 2016 Jeff Volek na wenziwe waliwapima wakimbiaji 20 wa masafa marefu mno, na wale kumi waliozoea kula mafuta kwa muda mrefu walionekana wakichoma mafuta zaidi ya mara mbili ya wenzao. Hayo ni mambo ya kweli, na mwenye insafu hawezi kuyakana.

Aliyeupa mzozo huu umaarufu barani kwetu ni Tim Noakes wa Chuo Kikuu cha Cape Town, mtu aliyekimbia marathoni nyingi na mbio za Comrades, zile za kilomita 90 hivi baina ya Durban na Pietermaritzburg, na aliyeandika mwaka 1985 kitabu kikubwa juu ya mbio, Lore of Running, ambamo alisifu wanga kama walivyousifu wote wa zama zake. Mwisho wa mwaka 2010 aligeuka. Alikuwa amegundua kwamba mwili wake, pamoja na maelfu ya kilomita alizozikimbia, umeingiwa na kisukari cha aina ya pili, maradhi yaliyokuwa yamemwua baba yake. Akaacha wanga, akapungua uzito, akapata nguvu mpya, akawaambia wasomaji wake wazipasue kurasa za kitabu chake zinazohusu chakula. Kwa ajili ya nasaha aliyoitoa mwaka 2014 kuhusu chakula cha mtoto mchanga alishitakiwa mbele ya baraza la matabibu la nchi yake, na mwaka 2017 akaonekana hana hatia.

Namheshimu Noakes kwa ushujaa wake. Si kila mwanazuoni awezaye kusimama mbele ya watu na kuyapinga maandiko yake mwenyewe, na somo moja alilolitoa ni la thamani kubwa: mbio hazimkingi mtu na kisukari, na mwenye mwili usioitii insulini hafai kuendelea kula wanga kana kwamba hakuna lililotokea. Lakini naona kwamba kutoka hapo alivuka hatua isiyokuwa na daraja. Mwili uliokataa wanga ulikuwa mwili wa mtu aliyekwisha pita miaka 60, mwenye maradhi ya kurithi, naye hakimbii tena kwa ajili ya kushinda. Nasaha zake zikasomwa na vijana wa miaka 20 wasio na maradhi yoyote, wenye kukimbia kilomita 150 kwa juma, na dawa ya huyu ikafanywa sheria kwa wale.

Ukweli wa jambo hili ulipimwa Canberra, katika Taasisi ya Michezo ya Australia, na Louise Burke na wenziwe, kwa watu ambao maoni yao hayawezi kupuuzwa: washindani wa kimataifa wa mbio za kutembea kwa haraka, wengine wao wa daraja la Olimpiki. Kwa majuma matatu ya mazoezi makali, kundi moja lilikula wanga mwingi kila siku, jingine likaupanga wanga mwingi kwa baadhi ya mazoezi na mchache kwa mengine, na la tatu likaacha wanga karibu wote na kula mafuta. Kundi hili la tatu lilijifunza kuchoma mafuta kwa kiasi cha ajabu, gramu moja na nusu na zaidi kwa dakika. Lakini kwa mwendo uleule lilihitaji oksijeni zaidi kuliko kwanza; na katika shindano la kilomita 10, makundi mawili ya wanga yaliendelea mbele kwa asilimia 6.6 na 5.3, na lile la mafuta halikupata nyongeza yoyote, pamoja na kutaabika sawasawa na wenzao. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2017. Watu walitilia shaka, kama ilivyo haki yao. Burke akarudia kazi ileile, na mwaka 2020 akatoa jibu lilelile.

Yako mashindano ambamo mafuta hupata nafasi yake, nayo ni yale marefu mno, ya mchana na usiku, ambayo mwendo wake ni wa utulivu. Zach Bitter wa Marekani, mtu anayejulikana kwa kula wanga mchache, alikimbia maili 100 mwaka 2019 kwa saa 11 na dakika 19, rekodi ya dunia wakati huo. Hata hivyo yeye mwenyewe hutumia wanga akiwa mashindanoni. Na Eliud Kipchoge, alipokimbia marathoni mjini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 kwa saa moja, dakika 59 na sekunde 40, alikuwa akipokea njiani vinywaji vya wanga vilivyopimwa barabara. Hata mpira wa miguu, mchezo unaotushughulisha kuliko mingine yote, una ushahidi wake: katika uchunguzi wa Bengt Saltin wa mwaka 1973, wachezaji walioingia uwanjani misuli yao ikiwa na akiba haba walionekana katika kipindi cha pili wakitembea zaidi kuliko kukimbia.

Hayo ni ya siku ya mashindano. Swali la siha ya maisha ni jingine, nalo ndilo linalowahusu wasomaji wengi zaidi. Hapa pia Afrika Mashariki ilipata kuwa uwanja wa uchunguzi tangu zamani. Mwaka 1931 John Boyd Orr na J. L. Gilks walichapisha kitabu juu ya afya ya Wakikuyu na Wamasai, majirani wawili waliokula kinyume: hawa nafaka, mizizi na kunde, hawa maziwa, nyama na damu. Wamasai walionekana warefu zaidi, wazito zaidi na wenye nguvu zaidi za misuli. Wakikuyu wakaonekana kusumbuliwa zaidi na upungufu wa damu, vidonda na mifupa iliyopinda. Wapenzi wa nyama hupenda kuutaja uchunguzi huo, lakini haifai kusahau kwamba ulifanywa chini ya serikali ya kikoloni iliyokwisha twaa sehemu nono ya ardhi ya Wakikuyu, na kwamba kilichoonekana hapo ni ubaya wa wanga ulioachwa peke yake, bila ya maziwa, bila ya mboga za kutosha, katika nyumba za watu waliodhulumiwa. Wamasai nao hawakuwa bila ya maradhi. Baridi yabisi na kufunga choo viliandikwa katika hesabu yao.

Miaka 30 baadaye alikuja Tanganyika tabibu wa Marekani, George Mann, akashangaa kuwaona Wamasai wenye kula mafuta ya wanyama kwa wingi wakiwa na lehemu kidogo katika damu na mioyo iliyo thabiti. Mwaka 1972 yeye na wenziwe walichapisha walichokiona katika mioyo ya wanaume 50 wa Kimasai waliofariki. Mishipa ilikuwa na utando wa mafuta kama ya Wamarekani wazee. Lakini ilikuwa mipana, imetanuka hata ikaipisha damu pasipo shida, naye Mann aliona kwamba sababu yake huenda ni mwendo wa kila siku nyuma ya mifugo. Mchungaji wa ng'ombe na mkimbiaji wa Kikalenjini wangewekewa sahani zao mbele ya mshauri wa lishe wa siku hizi, mmoja angeonywa kwa mafuta na mwingine kwa wanga, na wote wawili wangeinuka wakaenda zao kwa miguu yenye afya. Leo Wamasai wengi hula ugali na kunywa chai yenye sukari kama majirani zao, na waliohamia mijini wamepanda pikipiki.

Kwa mtu wa mjini, asiyechunga wala kukimbia, ushahidi haumpi ushindi mkubwa mmoja wa wagombani. Katika jaribio lililofanywa California na kuchapishwa mwaka 2018, watu wazima 609 wenye uzito wa kupita kiasi waligawanywa mafungu mawili, hawa wapunguze mafuta na hawa wanga, wote wakishauriwa kula vyakula halisi vya nyumbani na kuacha sukari na vilivyokobolewa. Baada ya mwaka mmoja walikuwa wamepungua kilo 5.3 na kilo 6.0, tofauti isiyokuwa na uzito wa kitaalamu. Mwaka huohuo, uchunguzi wa Wamarekani zaidi ya 15,000 waliofuatiliwa kwa zaidi ya miaka 20 ulionesha kwamba waliopata kama nusu ya nguvu zao katika wanga waliishi zaidi kuliko walioupunguza mno na kuliko waliouzidisha mno. Na miongoni mwa walioupunguza, waliochukua mahali pake karanga na kunde walikuwa na hali bora kuliko waliochukua nyama na siagi. Uchunguzi wa namna hii hauwezi kuthibitisha sababu, lakini waafikiana na yale tunayoyaona kwa macho.

Mimi naamini kwamba kilichotudhuru mijini ni kuirithi sahani ya mkulima na ya mchukuzi bila ya kuirithi kazi yao. Tena hatukuirithi kama ilivyokuwa. Dona yenye kiini na pumba imegeuka sembe nyeupe. Maharage yamepungua na chipsi zimeongezeka. Maji na togwa vimepisha soda. Na chai ya sukari, ambayo kwa mkimbiaji ni malipo ya kilomita 20 za alfajiri, kwa karani ni kikombe cha tatu kabla ya adhuhuri. Mtu huyo akipunguza wanga atafanya vema, na mwenye kisukari atafanya vema zaidi, akishauriana na tabibu wake hasa ikiwa anatumia dawa, kwa kuwa dawa zikibaki zilezile na wanga ukaondoka, sukari yaweza kushuka mpaka pa hatari.

Wataalamu wa tiba ya michezo wa Marekani na wa lishe wa Marekani na Kanada walikwisha toa kipimo kizuri mwaka 2016, nacho hakimpendelei yeyote: kwa mwenye kazi nyepesi, wanga wa gramu 3 hadi 5 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, kwa mwenye mazoezi ya saa moja, 5 hadi 7, kwa mwenye kukimbia saa moja hadi tatu, 6 hadi 10, na kwa wenye kutaabika saa nne na zaidi, 8 hadi 12. Wakimbiaji wa Bonde la Ufa waliifuata kanuni hiyo kabla haijaandikwa.

Ninalolihofia zaidi ni la wasichana. Mkimbiaji wa kike anayeambiwa apungue ili aende mbio, kisha akasoma kwenye simu yake kwamba wanga ni adui, huacha ugali, na kwa kuwa nyama na maparachichi ni ghali, hapati cha kuziba pengo. Hedhi huweza kukoma, mifupa ikadhoofika, na pengine mwaka usimalizike kabla hajavunjika mfupa wa mguu. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa onyo rasmi juu ya upungufu huo wa nguvu mwaka 2014, na uchunguzi mwingine wa Canberra, wa mwaka 2020, ulikuta kwamba majuma matatu na nusu tu ya kuacha wanga yalitosha kuongeza dalili za kumomonyoka kwa mifupa. Mwalimu wa michezo anayemwona mwanafunzi wake akikonda na kunyamaza juu ya hedhi asimpongeze. Amrudishie sahani yake, na ahakikishe maharagwe na maziwa yamo.

Wanga nao una madhara yake kwa wanamichezo, yasiyosemwa vya kutosha: meno. Katika Olimpiki za London za mwaka 2012 wanamichezo 302 walichunguzwa vinywa, na zaidi ya nusu yao walikuwa na meno yaliyooza. Anayekunywa vinywaji vya sukari njiani na asukutue kwa maji, na kupiga mswaki usiku kusiwe hiari.

Mwisho kuna wale waliostaafu. Mtu aliyekula gramu 600 za wanga kwa miaka 15 pasipo kunenepa hudhani kwamba mwili wake ndio ulioumbwa hivyo, na siku anapoziacha mbio haoni sababu ya kuigusa sahani. Mkono umezoea, na jamaa nao humpakulia ule mlima wa zamani kwa heshima. Yampasa aupunguze ugali katika juma lilelile anapopunguza kilomita, hata ufike nusu au theluthi, ilhali kunde, samaki, mayai na mboga vibaki kama vilivyokuwa au viongezeke, kwa sababu misuli ya mtu aliyepita miaka 40 yahitaji protini zaidi ili isiyeyuke. Aendelee kutembea na kunyanyua vitu vizito. Na apimwe sukari kila mwaka, tangu mwaka wa kwanza, hata kama bado suruali zake za zamani zinamtosha.